Msumari wa Mama Chaki

Msumari ulikuwepo. Pateni hazikuwepo.

Ilikuwa saa mbili na robo, Jumatatu asubuhi, na Inspekta alisimama katikati ya chumba cha kukatia nguo akiutazama ule msumari kana kwamba ungefungua mdomo. Ulikuwa wa inchi nne, umepigwa ukutani juu ya meza ndefu. Kwa miaka kumi na tisa ulikuwa umebeba shada zima la karatasi ngumu zilizotobolewa na kufungwa kamba: mgongo, kifua, mkono, kola, sketi, umbo la kila kipande cha kila nguo iliyowahi kutoka katika karakana hiyo. Mafundi huziita pateni. Bila hizo mkataji hukata kwa kubahatisha, na mteja huvaa kwa kuvumilia.

"Nani aliona kwanza?"

"Mimi, baba." Aliyejibu alikuwa mama mfupi, nywele zimeanza mvi, kipande cha chaki ya bluu nyuma ya sikio. Mtaa mzima ulimwita Mama Chaki. Ndiye mkataji. "Nilifika saa moja. Nikawasha taa, nikanyoosha mkono bila kutazama, kama kila siku. Mkono ukashika hewa."

"Ukafanyaje?"

"Nikapiga ukunga. Jirani yetu kinyozi alikuja na povu la sabuni mkononi."

Inafaa ikumbukwe kwamba kituo hiki cha polisi ndicho kilichomzungusha mshona mitumba mmoja siku kumi na moja alipoibiwa cherehani, akaambiwa gari halina mafuta. Cherehani haijaonekana hadi leo, na yule mama hajasahau, wala sisi. Lakini pateni za Madamu zilipopotea, gari lilipata mafuta ndani ya dakika nane. Likapata na king'ora. Mke wa Mkuu wa Kituo hushonewa kwa Madamu.

Madamu mwenyewe, mwenye karakana, alikuwa amesimama dirishani. Mtandio mzito wa sufu ulimzunguka kuanzia shingoni hadi magotini. Jua lilikuwa limeshaanza kuyachoma mabati, na jasho lilimtiririka hadi kidevuni.

"Keti, Madamu," Inspekta alisema, akamsogezea kiti.

"Siketi."

"Utachoka."

"Nimeibiwa, afande! Aliyeibiwa haketi."

"Mtandio je? Joto hili?"

"Nina baridi ya mshtuko."

Inspekta aliandika: *baridi ya mshtuko*. Kalamu ikamponyoka, ikabingirika hadi miguuni pa Madamu. Madamu aliitazama. Inspekta akamtazama Madamu. Hakuna aliyeinama. Mwishowe Koplo, askari wa kike aliyekuwa akikagua alama za vidole, akaja kuiokota.

"Unamshuku nani?"

"Simshuku. Namjua." Madamu alielekeza kidevu kwa Mama Chaki, mkono hakuunyanyua. "Ni huyu. Mwezi jana aliniingilia ofisini, anataka jina lake liwekwe kwenye lebo. Kwenye lebo! Jina la mkataji! Kesho mpiga pasi naye atataka picha. Nilipomkatalia akaninunia. Sasa ameiba kazi yangu akaiuze. Mfunge pingu, tumalizane."

Lebo zilikuwa katika kopo pale mezani, zimefumwa kwa uzi wa dhahabu: *Imebuniwa, imechorwa na kukatwa na Madamu*. Mambo matatu katika mstari mmoja, na mikono iliyoyafanya ilikuwa imesimama pembeni, imefumbata tepu ya kupimia.

"Afande," Koplo aliita. "Alama za vidole ziko kila mahali. Mlangoni, mezani, hadi kwenye swichi."

"Vizuri. Umezipaka unga?"

"Kopo la unga sijalifungua. Hii ni chaki."

Simu ya Inspekta ikalia. Mkuu wa Kituo hakuwa na salamu. "Nataka mtu seli kabla ya saa sita. Kuna mkataji hapo, sivyo? Anza na huyo, na ikibidi maliza na huyo."

"Ushahidi, mkuu?"

"Utautafuta akiwa ndani."

Inspekta alikata simu taratibu. Alifanya kila kitu taratibu. Kituoni walimpa jina hilo hilo, Taratibu, na miaka sita ya kutopandishwa cheo. Alitazama saa. Ilikuwa saa mbili na dakika arobaini.

Mlango haukuvunjwa. Kufuli lilikuwa zima. Funguo zilikuwa tatu: mmoja kwa Madamu, mmoja kwa Mama Chaki, mmoja kwa mdogo wa mume wa Madamu, mtunza stoo, ambaye kila mtu alimwita Shemeji, hata wasiohusiana naye.

Alianza na Shemeji. Alimkuta stoo, juu ya marobota, alama ya mshono wa gunia imejichora shavuni.

"Jumamosi mchana ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa, afande. Nakagua mzigo."

"Kwa macho?"

"Ya kufumba." Shemeji hakuwa mwongo; alikuwa mvivu tu, na uvivu una uaminifu wake. "Asubuhi hii mama kapiga ukunga, mimi nikapiga simu polisi. Ndiyo kazi pekee niliyofanya mwaka huu, na Madamu karibu anitoe roho. Kanifokea: 'Nani kakutuma?' Afande, wewe ukiibiwa humfokei aliyeita polisi, au vipi?"

Inspekta aliinua macho kutoka kwenye daftari. "Ufunguo wako uko wapi?"

Shemeji alivuta uzi shingoni. Ufunguo ulitoka umejaa kutu kuanzia jino la kwanza hadi la mwisho. Haukuwa umeingia kwenye kufuli tangu alipokabidhiwa, kwa kuwa hajawahi kufika wa kwanza wala kuondoka wa mwisho.

"Rudi ulale," Inspekta alimwambia.

Zikabaki funguo mbili.

Mama Chaki alihojiwa kwenye meza yake. Kabla swali la kwanza halijaisha, alikuwa ameshatunga uzi kwenye sindano.

"Unafanya nini, mama?"

"Kifungo chako, baba. Kinaning'inia kwa uzi mmoja tangu umeingia. Siwezi kusema ukweli nikikitazama. Simama wima."

Inspekta akasimama wima. Mahojiano yakaendelea hivyo, mtuhumiwa ameshika sindano na mpelelezi amezuia pumzi.

"Jumamosi ulifunga saa ngapi?"

"Saa nane mchana nilitoka. Pateni nilizitundika mwenyewe."

"Nani alibaki?"

"Shemeji, amelala. Na Madamu ofisini, anaongea na wale wa chuo."

"Chuo kipi?"

"Cha ufundi. Wamemwalika Jumatano hii akafundishe kuchora pateni. Wanafunzi arobaini, na kamera."

"Anajua kuchora pateni?"

Mama Chaki aliinama, akaukata uzi kwa meno. "Mimi ni mkataji, baba. Ya watu siyasemi."

"Nani alizichora?"

"Nilizichora mimi. Ile ya mgongo ni ya mwaka niliojifungua mwanangu wa mwisho. Nilichorea juu ya boksi la sabuni, hadi leo ukiinusa inanukia."

"Unajua nikikupeleka seli leo itakuwaje?"

"Najua sana. Mtaniachia kesho, au keshokutwa, mkikosa la kusema. Nitarudi nikute mwingine kwenye meza hii. Nitakwenda karakana nyingine, wataniuliza, 'Si wewe yule wa pateni?' Mkataji aliyewahi kuitwa mwizi hapewi mkasi tena, baba. Na mimi sina kingine ninachokijua. Hata ugali wangu mimi naukata vipande sawa."

Alisema hilo bila kulia, na Inspekta angependelea alie. Alijigeuza kwa kujifanya anakagua jora la kitambaa lililoegemezwa ukutani. Lilikuwa la bluu nzito.

"Hili?"

"La manesi. Sare arobaini, zinatakiwa Jumamosi ijayo. Lilifika Jumamosi mchana wakati natoka, sijalitia mkasi."

Inspekta aliufunua mwisho wa jora. "Kuna aliyelitia."

Ukingo ulikuwa umekatwa kwa vilima na mabonde, kama umetafunwa na mbuzi mwenye haraka. Mama Chaki aliutazama kama mtu aliyeletewa mtoto wake amenyolewa na jirani.

"Yesu na Maria! Huyu mkasi anauogopa! Ona hapa, amesimama. Hapa ameanza tena. Hapa kitambaa kimemkimbia. Mita tatu nzima!"

"Au ni wewe, umejifanya hujui?"

"Mimi?" Alinyakua mkasi na kipande cha kitambaa chakavu. "Tazama. Nakata vibaya. Nakata vibaya sana." Mkasi ukapita. Ulikuwa mstari ulionyooka kama wa rula. Akajaribu tena, amefumba macho, ulimi nje kwa juhudi. Mstari wa pili ukawa sambamba na wa kwanza. "Haiwezekani," alisema kwa masikitiko ya kweli. "Mkono unakataa."

Koplo alicheka hadi akashika ukuta, akaweka alama zake mwenyewe kwenye eneo la tukio.

Saa nne Madamu alitoa wazo jipya. Alikuwa bado amesimama. Chai ililetwa, akainywa amesimama, kwa mafunda ya ndege. Alisema pateni zimeshauzwa kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, mshindani wake, aitwaye Chapchap. Inspekta akavuka barabara.

Chapchap alikuwa mwanamume mwembamba, pini sita mdomoni, na aliposikia habari alicheka bila kudondosha hata moja.

"Pateni za Mama Chaki? Hata unilipe sizitaki."

"Kwa nini? Wanasema hakuna mkato kama wake mjini."

"Kweli hakuna." Alizitema pini kiganjani, moja moja. "Afande, nikikueleza jambo la zamani utanishika?"

"La zamani kiasi gani?"

"Miaka tisa."

"Kituo chetu hakijamaliza la mwaka juzi. Sema."

"Niliwahi kuichukua moja. Ya suti ya kike. Alikwenda kula, nikapenya, nikainakili kwenye gazeti, nikairudisha. Nikamshonea mwalimu mkuu wa shule ya jirani. Suti ilikuwa kama ya dukani, nakuapia! Akaivaa kwenye mkutano wa wazazi. Amesimama, anahutubia, sawa. Akamaliza, akaketi. Alipoketi yeye, wazazi wote wakasimama."

"Ilikuwaje?"

"Ilipasuka, ndugu yangu! Kuanzia hapa mpaka kule. Nikakaa wiki nzima natafuta kosa, nikalipata. Zile pateni hazina nafasi ya mshono."

"Nieleze kama mtoto."

Chapchap alichukua vipande viwili vya kitambaa, akavibana pamoja kwa vidole. "Ukiunganisha hivi, sindano haipiti ukingoni kabisa. Inapita ndani kidogo. Ile kidogo inaliwa na mshono. Kwa hiyo pateni ya mtu yeyote duniani imeongezwa ile kidogo. Ya Mama Chaki haikuongezwa. Yeye anaiweka pateni juu ya kitambaa, halafu anaongeza kwa chaki, kwa jicho. Begani hivi, ubavuni vile. Kipimo kiko kichwani mwake. Kiuno tu, mishono mitatu, kila mmoja una kingo mbili, kila ukingo sentimita mbili. Kumi na mbili zimepotea! Hiyo tena si nguo, ni bandeji."

"Kwa nini asiandike?"

"Nilimwuliza, siku niliyokwenda kumtubia. Akanijibu, 'Nikiandika, watanihitaji wa nini?'"

Inspekta alikuwa na mama mdogo aliyefundisha wasichana watatu kazi yake yote, kisha akaambiwa hahitajiki. Hakulitaja. Alilihifadhi pale alipokuwa amelihifadhi siku zote.

"Kwa hiyo aliyezichukua, akashona bila yeye…"

"Huna haja ya alama za vidole, afande. Tafuta mtu aliyebanwa."

Inspekta alishukuru, akaanza kuvuka barabara. Katikati akasimama. Lori lilimpigia honi, dereva akamtaja babu yake kwa ubaya. Hakusikia. Alikuwa anamkumbuka mtu ambaye tangu asubuhi hakuketi, hakuinama, hakuinua mkono, na alikunywa chai kama ndege.

Saa tano na nusu wote waliitwa chumba cha kukatia. Inspekta aliweka kiti katikati.

"Madamu, tunaandika maelezo yako rasmi. Keti."

"Nitayatoa nimesimama."

"Kanuni inasema mlalamikaji aketi."

"Kanuni gani hiyo?"

"Nimeitunga sasa hivi. Nyingine mnazitungaga nyinyi, leo niacheni na mimi moja."

"Nitampigia Mkuu wako!"

"Mpigie. Simu iko mezani, huko ng'ambo. Nyoosha mkono tu."

Madamu aliitazama simu. Pangaboi lilikwaruza juu. Hasira ilikuwa kubwa kuliko busara, akanyoosha mkono.

*Krrrr.*

Sauti ilianzia kwapani, ikashuka ubavuni bila haraka, ikamaliza nyongani. Mtandio ukateleza. Chini yake kulikuwa na gauni la bluu nzito, bluu ya manesi, limemkaza kama ngozi ya ngoma, mshono mmoja umefunguka na mingine inasubiri zamu.

"Hee!" Shemeji aliamka kabisa. "Shemeji, umefungwa kama robota!"

"Jora la manesi!" Mama Chaki alinong'ona. "Na umelikata mshazari! Madamu, kitambaa hicho hukatwa kufuata uzi!"

"Nitoeni," Madamu alisema. Sauti ilikuwa nyembamba. "Zipu imekwama tangu alfajiri. Siwezi kuvuta pumzi. Mama Chaki, mkasi. Tafadhali."

Mama Chaki tayari alikuwa na mkasi mkononi. Akamtazama Inspekta.

"Kidogo kwanza, mama," Inspekta alisema. "Madamu, pateni ziko wapi?"

"Buti la gari. Chini ya tairi la akiba."

Koplo akatoka mbio.

"Kwa nini?"

"Jumatano!" Madamu aliyasema maneno kwa pumzi fupi fupi. "Wataniwekea karatasi nyeupe mbele ya kamera, wataniambia nichore. Miaka kumi na tisa nimesema nachora mimi. Kwenye magazeti, kwenye maonyesho, kwa marehemu mume wangu. Sijawahi kukata hata leso! Nikasema nizichukue mwisho wa wiki, nijifunze kimya kimya, nizirudishe Jumatatu kabla ya mtu. Nikashona. Jana nzima. Alfajiri nikajaribu kulivaa, likaingia kwa shida, halafu likakataa kutoka. Nikajifunika, nikaja hivyo hivyo. Nafika, huyu ameshapiga ukunga, kinyozi yuko mlangoni, na hili jinga limeshaita polisi."

"Ungesema, 'Ninazo mimi.'"

"Nikiwa nimevaa hili?"

"Basi ungenyamaza. Kwa nini ukamtaja yeye?"

Mshono wa pili ulijibu badala yake, begani, *pu*.

"Kwa sababu ya lebo," alisema mwishowe. "Aliomba kwa adabu. Alisimama pale mlangoni, amevua viatu, akaomba. Angeomba kwa jeuri ningemfukuza, nikalala vizuri. Lakini alikuwa na haki, na alijua, na mimi nilijua. Tangu siku hiyo kila nikimwona naona deni. Nikasema akienda jela, nitasahau."

Mama Chaki alipiga hatua moja, akaingiza ncha ya mkasi chini ya kola, akashusha. Alikata kwa uangalifu, mstari ulionyooka, asiguse ngozi. Gauni lilifunguka, na Madamu akavuta pumzi kama mtu aliyetolewa kisimani, huku Koplo, aliyerudi na shada la pateni kifuani, akimzungushia mtandio.

Inspekta alizipanga zile karatasi mezani. Zilikuwa zimelika kingo, zimeandikwa alama za kalamu ya risasi; moja kweli ilinukia sabuni.

"Hizi ni vielelezo," alisema. "Lazima niandike mwenye mali."

"Karakana ni yangu," Madamu alisema. Sauti ilikuwa imeanza kurudi.

"Mwenye mali huitambua mali yake, ndivyo tunavyofanya hata kwa baiskeli. Begani unaongeza ngapi?"

Madamu alitazama msumari.

"Mama?"

"Begani sentimita moja na nusu," Mama Chaki alisema. "Ubavuni mbili. Penye zipu mbili. Pindo tano. Kwapani kwa manesi naongeza nusu nyingine, kwa sababu wao wananyanyua wagonjwa. Kwa waajiri wao siongezi."

Inspekta aliandika. Kisha aliandika jina kamili la mkataji, lile la cheti cha kuzaliwa, ambalo humo ndani hakuna aliyewahi kulitumia. Ilibidi amwombe alitaje herufi kwa herufi. Madamu alitia sahihi chini yake, na shada la pateni likarudi mikononi mwa Mama Chaki.

Simu ikalia. Saa sita kasoro dakika tatu.

"Una mtu?"

"Ninaye, mkuu."

"Mkataji?"

"Mlalamikaji. Taarifa za uongo kwa polisi, na amekiri mbele ya mashahidi watatu."

"Na gauni la mke wangu?"

"Litakuwa tayari, mkuu. Mkataji yuko huru."

Ilibaki shida moja: Madamu hakuwa na nguo ya kwendea kituoni. Mama Chaki alichukua koti lake la akiba la kazi nyuma ya mlango, akalitazama, akamtazama Madamu mara moja kuanzia bega hadi goti, akafumua mishono miwili, akaketi kwenye cherehani. Dakika nne. Akalikung'uta uzi, akamkabidhi.

Lilimkaa sawasawa. Tepu ya kupimia ilikuwa bado mfukoni mwa Mama Chaki.

"Sare za manesi je?" Shemeji aliuliza, gari lilipokwisha kuondoka.

"Zitakatwa leo. Manesi hawana kosa. Kesho naanza na ukuta wangu mwenyewe." Mama Chaki alikuwa amepanda juu ya stuli na koleo. Aliubana ule msumari, akauchezesha kushoto, kulia, ukatoka na kipande cha plasta. Akauviringisha kwenye karatasi, akautia mkobani pamoja na kopo la lebo.

"Na hizo lebo utazifanyia nini?"

"Nitafumua jina moja," alisema Mama Chaki, akatafuta chaki nyuma ya sikio. "Nafasi ya lingine ipo."